Mpishi wa Msafara

Siku ile mjinga alikuwa Yakobo Ndalahwa. Tuliseme mapema, maana yeye mwenyewe hulisema kabla hujamwuliza, tena kwa sauti ileile aliyokuwa akitangazia sinema ya gari vijiji vyote vya kando ya ziwa: sauti nene ya mtu aliyezoea kushindana na upepo, jenereta na watoto wanaolia. Wajinga wengine walikuwepo pia siku hiyo, na mmoja wao alikuja kwa ndege kutoka Dar. Lakini Yakobo aliwapita wote. Wale wengine walikosea kwa kutojua. Yeye alikosea katika jambo alilokuwa akiwafundisha wenzake.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi. Kuta za Mkuyuni, mjini Mwanza, zilikuwa zimebandikwa nyuso za wagombea mpaka wauza maandazi wakakosa pa kuegemea. Kila mtu alikuwa anauza kitu. Aliyekuwa karani anauza mitumba, aliyekuwa mwalimu anauza soda, na minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya huku mapanki, kichwa na mifupa yake, yakibaki kukaangwa mtaani. Yakobo alikuwa na banda la video. Lilikuwa la mabati, lina mabenchi, televisheni moja na deki iliyokuwa ikimeza kanda na kuzitapika ikijisikia. Jioni watu walijaa kuangalia ngumi za Wachina, na Yakobo, akiwa na kipaza sauti kilekile cha zamani, aliwatafsiria. Kichina hakijui. Kiingereza anakisikia kwa mbali kama ngoma ya kijiji cha pili. Hata hivyo hakuna mteja aliyewahi kulalamika, na wako waliokuwa wakirudi kuangalia picha ileile ili wasikie leo Mchina yule atasema nini tofauti na jana.

Sinema ya gari yenyewe ilikuwa imekwisha kufa. Land Rover ilipigwa mnada, jenereta likaenda kusaga mahindi, na siku ya kusafisha stoo makopo ya mikanda yalitupwa nje mvua ikinyesha. Yakobo alikwenda na mkokoteni akaokoa aliyoweza kuokoa. Mengine yalikwenda na wavuvi, na ukipita mwaloni, wanakoshushia samaki, usishangae kuona nyavu zimefungiwa maboya kwa mkanda wa wimbo wa taifa.

Basi akaja Chenge. Alikuwa kijana mpole mwenye miwani, Msukuma wa kuzaliwa Ilala, ambaye Yakobo alipomwamkia “mwangaluka” alijibu kwa wasiwasi kama mtu anayekanyaga maji asiyoyajua kina. Huko Dar yalikuwa yanajengwa makumbusho ya sinema, na pamoja nayo kitabu cha historia ya sinema nchini. Chenge ndiye aliyekuwa anakiandika. Kitabu kilikuwa kinangoja sura ya Kanda ya Ziwa tu kiende kiwandani. Akawaita waliowahi kufanya kazi ya sinema katika ukumbi mdogo karibu na bandari, akawaegemezea ukutani mbao za picha zitakazotundikwa makumbusho, ili waseme kama kuna kasoro.

Mwanza ilikuwa imepewa ubao mmoja. Juu yake palikuwa pameandikwa: “Watazamaji wa Kando ya Ziwa.” Picha ilikuwa kubwa na safi. Land Rover ile, Ojuok dereva ameweka mkono juu ya boneti kama mwenye ng’ombe, Yakobo na kipaza sauti, na pembeni, karibu na mlango wa nyuma, mwanamke kijana aliyejifunga kitenge, ameshika kitu cha duara kinachong’aa. Chini yake: “Dereva, mtangazaji na mpishi wa msafara.”

Mama mmoja aliyekuwa amevuka asubuhi hiyo na kivuko kutoka Kamanga alisimama mbele ya ubao ule muda mrefu. Mwili wake ulikuwa mnene, viatu vyake vya raba, na mkoba wake ulinuka samaki kidogo.

“Mpishi ni nani hapa?” akauliza.

“Shikamoo, mama,” Chenge akasogea. “Ni huyu wa kulia. Jina lake hatukubahatika kulipata.”

“Marahaba. Jina lake ni Adoyo. Na hicho alichoshika si mfuniko wa sufuria, mwanangu. Ni kopo la filamu.”

Watu wakasogea, wakainama, wakatazama. Kweli, kopo la filamu.

“Mimi nimepika siku moja tu katika msafara ule,” Adoyo akaendelea, “tena Ojuok alikula, akaomba uhamisho. Muulizeni Ndalahwa. Yule pale, nyuma, karibu na kreti ya soda.”

Ukumbi ukacheka. Yakobo akainua chupa yake kama shahidi anayekula kiapo.

Lakini Adoyo hakucheka. Akaeleza, na alieleza kifupi kama mtu aliyeyapanga maneno yake juu ya maji wakati anavuka. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya sinema ya gari. Katika misafara alipewa kubeba kamera ya mpiga picha, kuifuta vumbi, kuitia mkanda. Siku moja huko Kamanga mpiga picha akalazwa na malaria, na kamera ikabaki mikononi mwa aliyekuwa akiibeba. Asubuhi ile akawapiga picha wanawake wa Kamanga, wanavyopokea samaki, wanavyogombea nafasi kwenye kivuko, wanavyoteta. Akaona kazi imemkolea, akarudi tena na tena mpaka mkanda ukaisha. Ukapelekwa ng’ambo kusafishwa, ukarudi, ukaonyeshwa pwani yote ya ziwa kwa miaka. Uliitwa “Kamanga Asubuhi.”

“Sikatai, mama,” Chenge akasema, na kweli alionekana hapendi anachosema. “Ila ghala letu lina mikanda yote ya mikoani iliyohifadhiwa. Huo haumo. Wala nakala yake haimo.”

“Haukuwa na nakala. Filamu ya aina ile, uliyopigia ndiyo unayoonyesha. Ni moja tu, kama mtoto wa pekee.”

“Ndiyo shida yenyewe. Mimi naandika kilichomo ghalani. Kisichomo naweza kukisikia, nikakiamini hata, lakini siwezi kukiandika. Kesho mtu akiniambia nionyeshe, nitamwonyesha nini?”

“Kwa hiyo ghala likinisahau, nimesahaulika.”

“Si kwa kupenda, mama.”

“Haya. Mimi nina wajukuu,” Adoyo akasema. “Siku moja shule itawapeleka Dar kwenye hilo jumba lenu. Watasimama hapa nilipo. Watawaambia wenzao, huyu ndiye bibi yetu, alikuwa anawapikia watu wa sinema. Na kitabu kikishachapwa, nani atakibishia? Nitakibishia kwa nini, kwa mwiko?”

Na hapo ndipo Yakobo aliposimama.

Mtu mwingine angesimama akasema taratibu. Yakobo alisimama kama aliyeitwa na umati wa Ukerewe. “Ndugu zangu!” akanguruma, chupa ya soda mkononi. “Mkanda upo! Uko kwangu Mkuyuni, ndani ya kopo lake, jina limeandikwa kwa mwandiko wa Adoyo mwenyewe, chini ya kitanda changu, mahali ambapo hata mke wangu haruhusiwi kufagia!”

Adoyo akageuka. Uso wake ulibadilika namna ambayo Yakobo hakuwahi kuiona hata enzi zile, na akajisikia mkubwa kuliko mgombea yeyote aliyebandikwa ukutani.

“Usinitanie, Ndalahwa.”

“Dada Adoyo, mimi nakutania mambo yote ila kazi. Bwana Chenge, gari lako lina nafasi?”

Lilikuwa na nafasi, la kukodi, wazi nyuma, na Yakobo akasimama humo nyuma njia nzima akiwapungia watu ambao hawakumwuliza kitu.

Mlango wa banda la video ulikuwa na pazia la aina yake. Si la kitambaa. Ulikuwa mkungu wa vipande virefu vyeusi vyembamba, vimetobolewa juu na kufungwa kwa nailoni ya kuvulia kwenye ufito, vikaning’inia mpaka chini bila kuacha upenyo. Hewa ilipita, mwanga haukupita, na vile vijidudu vya ziwani vinavyopaa kama moshi vilichanganyikiwa nje vikarudi kwao. Ukiingia lilikupapasa mabega na kutoa mlio kama mvua nyepesi juu ya mgomba.

“Karibuni, inameni kidogo, msinivunjie pazia,” Yakobo akasema.

“Pazia zuri, mzee,” Chenge akasema, akalishika. Kisha akalishika vizuri zaidi. “Mzee, huu si mkanda wa sinema?”

“Ndiyo wenyewe! ‘Wadudu wa Pamba.’” Yakobo akasema kwa fahari. “Mkanda ule nimeutangaza mpaka nikawa naota nina mabawa. Kila kijiji, wadudu wa pamba. Kila kijiji watu wananizomea, wanataka Kamanga. Nikaapa, siku moja nitauchinja kwa mkono wangu. Nilipofungua banda nikauchinja.”

“Umekata mkanda!” Chenge akashika kichwa.

“Wa wadudu, bwana. Dar hamnao?”

“Tunao. Tunao hata zaidi ya haja.”

“Basi lia kwa wastani.”

Mkewe Dorcas akatokea uani akifuta mikono. Aliposikia wamefuata kopo la chini ya kitanda alikwenda akalichukua moja kwa moja bila kupapasa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akifagia pale kila siku, katazo au si katazo. Lilikuwa kopo zuri, halina kutu, na juu ya plasta iliyogeuka rangi ya chai palisomeka: KAMANGA ASUBUHI. Adoyo akapitisha kidole juu ya herufi zake. Yakobo akalifungua kama padre anayefungua sanduku la sakramenti. Harufu kali ya siki ikatoka. Chenge akavuta mwanzo wa mkanda kwa uangalifu, akatoka nao hatua chache mpaka kizingitini penye jua, akauinua machoni.

Akausogeza karibu zaidi na jicho.

“Unawaona?” Yakobo akauliza. “Utaona mama mmoja na kapu, ndiye anayeanza.”

“Mzee, naona mdudu.”

“Atakuwa sisimizi ameingia. Mpulize.”

“Hapana. Mdudu mkubwa. Anakula pamba.” Akavuta zaidi. “Na hapa wako wawili.”

Sasa inabidi tueleze desturi ya gari, maana bila hiyo utamwona Yakobo mzembe tu, na alikuwa mzembe, ila mzembe wa kazi maalumu. Katika maonyesho ya sinema ya gari mkanda wa kwanza ulipokwisha umati haukungoja. Ulitoa rili iliyokwisha, lile gurudumu la mkanda, huku mkono wa pili unatia nyingine. Ile uliyoitoa uliitupia katika kopo lililokuwa wazi mbele yako, na kopo lililokuwa wazi lilikuwa la mkanda uliotoka humo sasa hivi kuingia mashineni. Kwa hiyo kila mkanda ulilala kitanda cha jirani. Mkirudi ofisini ndipo mmoja hukaa na kurudisha kila kitu kwake. Kijana mpya akiingia kazini, somo la kwanza alilopewa na Yakobo lilikuwa hilo: usiamini kopo, tazama mkanda. Somo lenyewe alikuwa akilitoa kwa mifano ya watu na wake zao ambayo hapa si mahali pake. Msafara wa mwisho uliporudi, ofisi ilikuwa imekwisha kutangaziwa kufungwa. Hakuna aliyekaa kupanga makopo. Na siku ya kukata pazia, Yakobo mwalimu wa somo aliamini kopo. Alisoma “Wadudu wa Pamba,” akacheka peke yake, akashika mkasi.

“Baba Malimi,” Dorcas akaita taratibu. “Kama wadudu wamo humu ndani, wewe ulikata nini?”

Adoyo alikwisha fika mlangoni. Alishika kipande kimoja cha pazia kati ya vidole viwili, akakielekeza kwenye jua la saa sita, akafumba jicho moja kama zamani alivyofumba nyuma ya kamera. Picha zake ni ndogo, kila moja kama ukucha wa kidole cha mwisho, lakini zimejipanga mamia juu ya mamia, na jua la Mwanza ni taa kubwa. Akakiachia. Akashika kingine. Cha tatu hakukiachia.

“Huyu ni mama yangu,” akasema.

Mama yake alikuwa ametoka pwani ya Mara kumfuata bintiye aliyeolewa Kamanga, akauza samaki pale mpaka alipofariki, na katika nyumba yao yote hapakuwa na picha yake hata moja. Sasa alikuwa hapa, amejitwika kapu, anapanda kivuko tangu juu ya mlango mpaka chini kabisa kwenye vumbi.

“Wateja wako, Ndalahwa,” Adoyo akasema, bado amefumba jicho. “Kila jioni. Wanampiga mabega.”

Yakobo alitazama pazia lake, akatazama mikono yake. Mwishowe akapanda benchi na kuanza kufungua nailoni.

“Polepole,” Adoyo akamwambia. “Tangu lini mimi na wewe tuna haraka? Polepole.”

Kazi hiyo iliwachukua mchana wote uliobaki. Ilikuwa Jumamosi, siku ya banda kujaa, na wateja wa kwanza walipofika walimkuta Yakobo amesimama kwenye mlango mtupu, vijidudu vinampiga usoni. “Leo hakuna ngumi,” akawaambia. “Leo ngumi nimepigwa mimi.” Baadhi waliondoka. Wengine, waliposikia kuna jambo, wakaingia uani wakakaa juu ya ndoo.

Dorcas alitoa mashuka yake meupe, yale ya wageni, akayatandika uani chini ya kivuli cha nyumba. Vipande vikalazwa kimoja kimoja, kila mwisho na kijiwe chake. Vilikuwa vimepauka kwa nje, vimekwaruzwa na mabega, vingine vimeng’olewa ncha. Viwili havikuwepo. Dorcas akaona aibu kidogo, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi navyo. Ndivyo vilivyokuwa vimefungia mlango wa banda la kuku.

“Na kipi kinaanza?” Chenge akauliza. Alikuwa amevua viatu na saa, amepiga magoti, na ile hofu ya kukanyaga maji ilikuwa imemwisha.

Adoyo alijua alivyopiga, lakini hakuwa amepiga kwa mpangilio ule ulioonyeshwa. Mkanda uliunganishwa baadaye, na miaka imepita. Yakobo ndiye aliyekuwa amesimama kando ya filamu ile isiyo na sauti, usiku baada ya usiku, akiisemea. Akasafisha koo.

“‘Jogoo wa Kamanga amewika,’” akaanza kwa sauti ya zamani, nusu Kiswahili nusu Kisukuma, “‘na huyu mama mwenye kapu hajanywa hata uji. Unajua kwa nini anakimbia? Mume wake amevuka jana na ng’ombe wa mahari!’”

“Ng’ombe gani?” Adoyo akamkata. “Katika filamu yangu hakuna ng’ombe.”

“Katika filamu hamna. Katika Sengerema nzima wapo. Niliwaambia watu mpaka wakawa wananiuliza walikuwa na rangi gani.”

“Kwa hiyo mama yangu miaka yote hiyo alikuwa anakimbiza mwanamume?”

“Na alimpata! Kipande kile pale, anapoinua mkono. ‘Amemwona!’”

“Alikuwa ananipungia mimi, mjinga wewe!”

Hapo Suzana, jirani anayeuza nyanya mbele ya banda, mwanamke wa makamo ambaye hakuwa amealikwa na mtu, akacheka mpaka akajishika mbavu. “Mimi niliiona hiyo nikiwa msichana,” akasema. “Nyumbani, shuka limefungwa kwenye goli la mpira. Akishapunga mkono, wanakuja wale wawili wanaogombea sangara. Halafu mnene anaanguka majini, sisi tukapiga kelele mpaka mbwa wakakimbia.”

Wakatafuta. Mnene alikuwepo, ananing’inia nusu majini nusu hewani mwisho wa kipande, na nusu yake ya pili ilipatikana kwenye kipande cha banda la kuku. Vikawekwa mwisho kwa mwanzo. Suzana akapiga makofi. Mwingine aliyekaa juu ya ndoo akakumbuka mbuzi, mwingine akasema mbuzi si wa Kamanga ni wa mkanda mwingine, wakabishana, na mbuzi akaonekana. Adoyo alikuwa anatembea kati ya mashuka akiwa ameinama, mikono nyuma, na kila kipande kilipopata mahali pake alikuwa anasema jina la mtu. Huyu ni fulani, yupo. Huyu ni fulani, alihamia Geita. Huyu ni mama.

Chenge alitoa kinasa sauti kidogo mfukoni, akakiweka juu ya tofali kati yao.

“Unarekodi uongo wa Ndalahwa?” Adoyo akamwuliza.

“Narekodi vyote, mama. Uliyoipiga wewe, na waliyoisikia wao. Sikujua kama zilikuwa filamu mbili.” Akatabasamu. “Ghalani kwetu hakuna kopo la sauti ya mtu aliyesimama gizani akidanganya.”

“Danganya vizuri basi,” Dorcas akamwambia mumewe. “Unakwenda Dar.”

Jua lilipopungua mkanda ulikuwa umelala wote uani, mashuka kwa mashuka, una mapengo hapa na pale lakini unaeleweka, kama mazungumzo ya mzee asiye na meno ya mbele. Watu walipita kando yake kwa adabu, hakuna aliyekanyaga. Chenge akakaa kwenye benchi, akatoa kadi ndogo ya makumbusho, ile inayofungwa juu ya kitu kabla hakijaingia ghalani. Akaandika mahali. Akaandika mwaka. Kisha kalamu ikasimama.

“Kuna tatizo?” Yakobo akauliza.

“Hapa pana nafasi ya kuandika ni kitu gani.” Chenge akavua miwani, akaifuta kwa shati. “Nataka kusema jambo, mnisikilize mpaka mwisho. Mkanda huu hautapita tena kwenye mashine. Umekauka, umetobolewa, umekatwa. Na kwa utaratibu wetu, kisichoweza kuonyeshwa hakiingii katika orodha ya filamu. Lakini pazia lile! Nikilitundika mlangoni pa makumbusho kama lilivyokuwa hapa, kila mgeni atapita ndani yake. Atalishika. Hakuna jumba lolote lenye kitu kama hicho. Tutaandika: ‘Pazia la mkanda wa sinema, kazi ya Yakobo Ndalahwa, Mkuyuni, Mwanza.’ Na maelezo ya mama tutayaweka pembeni.”

Yakobo aliyasikia maneno hayo ya kadi na akaona haya kusema kwamba ilimpendeza. Kazi ya Yakobo Ndalahwa. Alijiona mlangoni pa jumba kubwa, wageni wanainama kidogo wasije wakamvunjia. Mguu wake mmoja ulikuwa umekwisha panda ndege. Tuliambizana tangu mwanzo kwamba siku ile mjinga alikuwa yeye.

“Si wazo baya,” akasema, anatazama kuku. “Mimi sitaki makuu. Nasema tu si wazo baya.”

“Baba Malimi!” Dorcas akamkemea.

“Nimesema si baya, sijasema ni zuri!”

“Mama ataandikwa,” Chenge akasema haraka. “Pembeni, lakini ataandikwa. Katika kitabu pia, kwenye sura ya watu walivyotumia vitu vikuukuu. Nikiandika filamu, wakubwa wangu wataniambia, iwashe. Nitawasha nini? Pazia ni pazia, mtu yeyote analiona. Ni neno moja tu, mama, tusibishane kwa neno moja.”

Adoyo alikuwa amechuchumaa kando ya shuka la mwisho, anarudisha kijiwe kilichosogezwa na upepo. Alikiweka vizuri juu ya ncha ya kipande cha mama yake. Akasimama, akapangusa magoti, akaja akasimama mbele ya kadi, karibu kabisa, kivuli chake kikaifunika.

“Filamu ni kazi yangu, pazia ni kazi ya Yakobo,” akasema. “Ukiandika pazia, mwanangu, yeye umempeleka Dar, na mimi umenirudisha jikoni.”